Ghala Mbili

Masomo: Luka 12:13-21 na Marko 12:38-44



Majira ya mavuno yamerudi. Mahali pengi mahindi yamekwisha kuvunjwa na kuanikwa, maharagwe yamepigwa na kupepetwa, na jioni, vyombo vikiisha kuondolewa, baba na mama wa nyumba huulizana: Tuweke wapi? Tuuze lini? Tubakize kiasi gani? Maswali hayo ni mema, wala hatutendi dhambi tukiyauliza. Lakini Bwana wetu alisimulia habari za mtu mmoja aliyejiuliza maswali hayo hayo, naye usiku ule ule Mungu akamwita mpumbavu. Kwa hiyo tumeona vema mwezi huu tuketi pamoja nanyi mbele ya ghala, tukaangalie lililomo ndani yake, na lililomo ndani ya mioyo yetu sisi tunaolifunga na kulifungua.

1. Mtu aliyeshauriana na nafsi yake

Twasoma ya kuwa shamba la mtu yule lilizaa sana. Angalieni, ndugu: hatuambiwi kwamba aliiba. Hatuambiwi kwamba aliwapunja vibarua wake, wala kwamba alisogeza mpaka wa jirani. Mvua ilinyesha, jua liliwaka kwa kiasi chake, na nchi ikatoa. Kama mtu huyo angalikuwa katika usharika wetu, huenda tungalimchagua kuwa mzee wa kanisa, maana ni mtu wa kazi na wa mipango. Basi kosa lake li wapi?

Sikilizeni maneno yake. Anajiuliza mwenyewe, anajijibu mwenyewe, na kila anachokitaja anakifungia neno moja: mazao ni yake, ghala ni zake, vitu ni vyake, hata nafsi ni yake. Katika shauri lile hakuna mtu wa pili. Mkewe hatajwi, watoto hawatajwi, waliolima pamoja naye hawatajwi, jirani hatajwi, na Mungu aliyeleta mvua hatajwi kabisa. Kwetu sisi mtu akitaka kujenga, au kuuza ng'ombe, au kumwoza binti yake, huwaita ndugu na wazee wakakaa wakanena. Mtu afanyaye shauri kubwa peke yake, sisi huuliza, Ana nini huyu? Ndivyo alivyokuwa tajiri yule. Mali yake ilikuwa imekwisha kumtenga na watu kabla mauti haijamtenga na mali.

Tena twaona jambo lingine. Alipoona ghala zake hazitoshi, hakufikiri ila dawa moja: kuzibomoa na kujenga kubwa zaidi. Haikumjia moyoni kwamba nafasi ilikuwako tayari, tena nyingi, katika vyungu vya majirani waliokuwa wakikoroga uji mwepesi. Mungu alikuwa amekwisha kumpa ghala zisizolika na mchwa, nazo ni matumbo ya wenye njaa. Yeye hakuziona.

2. Je, akiba haiozi?

Huenda mtu atatujibu akisema, Wazee wetu walifundisha kwamba akiba haiozi. Mwataka tule vyote leo, na kesho tuwe waombaji?

La, ndugu, hatusemi hivyo. Methali ile ni ya hekima, nasi twawaomba wazazi waendelee kuwafundisha watoto wao. Lakini Maandiko yatuonyesha ya kuwa iko akiba isiyooza, na iko iozayo. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 16, wana wa Israeli walipewa mana jangwani, kila mtu pishi moja kwa siku. Aliyeokota nyingi hakuzidi, na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Wako waliobakiza mpaka asubuhi, wakidhani wametenda kwa busara. Nayo ikaingia mabuu, ikanuka. Lakini siku ya sita waliagizwa kuokota sehemu mbili na kuiweka ya Sabato, na hiyo haikuoza. Ni mana ile ile, na chombo ni kile kile. Iliyowekwa kwa kumwamini Mungu ilikaa. Iliyowekwa kwa kutomwamini ilioza.

Kadhalika Yusufu alikuwa mtu wa ghala. Katika Mwanzo, sura ya 41, twasoma jinsi alivyokusanya nafaka ya Misri miaka saba ya shibe, hata wakaacha kuihesabu. Je, yeye aliitwa mpumbavu? Hapana, maana tangu siku ya kwanza alikusanya akiitazama njaa itakayokuja, na vinywa vya watu vitakavyofunguliwa. Ni kweli aliuza nafaka ile, hakuigawa bure. Wala kuuza si dhambi. Lakini ghala la Yusufu lilijengwa likiwa na mlango wa kufunguliwa.

Basi ziko ghala mbili. Kwa nje zafanana: udongo ule ule, nguzo zile zile, paa lile lile. Tofauti yake haionekani siku ya kujaza. Huonekana siku ya njaa, jirani anapopiga hodi na kikapu kitupu.

Nasi tusidhani kwamba habari hizi zawahusu wenye mali nyingi tu. Dr. Martin Luther, alipoieleza amri ya kwanza katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, aliandika ya kuwa sanamu inayoabudiwa zaidi duniani ni Mamoni, yaani fedha na mali. Naye akasema ya kwamba aliyenayo huona usalama kwa ajili yake, na asiyenayo hukata tamaa kana kwamba hana Mungu. Ndiyo kusema, hata maskini aweza kumwabudu Mamoni, kwa kumlilia. Choyo ni mtoto wa hofu. Twaogopa kwamba Mungu aliyetupa jana amesahau njia ya kuja kwetu kesho.

Kwa hiyo choyo chaweza kukaa katika nyumba ya nyasi sawasawa na katika nyumba ya bati. Yuko fundi anayemficha kijana wake siri ya kazi, asije akawa fundi kama yeye. Yuko mwenye jembe la kukokotwa na ng'ombe, ambaye majira ya kulima haliazimi hata akiisha kumaliza shamba lake, mpaka mvua za kwanza zimpite jirani. Yuko mwalimu ajuaye kusoma vizuri, na kila barua anayowasomea wazee huwadai kitu. Hao wote hawakumwibia mtu. Walakini Katekisimo yetu Ndogo yaieleza amri ya saba kwa namna ambayo haituachi tukakaa kwa raha: haitoshi kutoichukua mali ya mwenzetu, yatupasa kumsaidia aitunze na kuiongeza. Aliyemwacha jirani akaanguka, naye aliweza kumshika mkono, asijisifu kwamba hakumsukuma.

3. Mjane na walioketi mbele

Sasa tuingie hekaluni. Bwana Yesu ameketi kulielekea sanduku la hazina, awaona watu wanavyotia fedha. Matajiri watia nyingi. Kisha yuaja mjane maskini, atia visenti viwili, na Bwana awaita wanafunzi wake awaambie kwamba huyu ametia kuliko wote, maana wao walitoa katika yaliyowazidi, na huyu katika upungufu wake alitoa riziki yake yote.

Habari hii sisi wachungaji, wainjilisti na walimu twaipenda sana. Siku za sadaka ya mavuno haikosi kuhubiriwa. Lakini twawaomba leo, fungueni Marko 12 na kuanza kusoma mistari michache nyuma, kuanzia mstari wa 38. Kabla ya kumsifu mjane, Bwana alikuwa amewaonya watu juu ya waandishi wapendao mavazi marefu, salamu za sokoni na viti vya mbele, ambao hula nyumba za wajane, na kwa kujionyesha husali sala ndefu. Maneno hayo mawili yafuatana bila nafasi katikati: wale walao nyumba za wajane, kisha mjane atoaye kitu chake cha mwisho. Je, Bwana aliyaweka pamoja bure?

Twaona ya kuwa sifa ni ya mjane, na onyo ni letu sisi tushikao ufunguo wa sanduku. Mjane yule alimpa Mungu vyote, na Mungu alivipokea. Lakini ni nani miongoni mwa waliokaa viti vya mbele aliyeuliza, Mama huyu atakula nini usiku?

4. Yai moja

Ndugu, tusiwahukumu waandishi wa Yerusalemu pasipo kujihukumu wenyewe kwanza. Yatupasa kuwaambia habari iliyotupata sisi tuandikao.

Mnajua desturi yetu. Ibada ikiisha, vitu vilivyoletwa madhabahuni na wasio na fedha hutolewa nje, mtu mmoja mwenye sauti akasimama, navyo vikanadiwa: mkungu wa ndizi, jogoo, kibaba cha maharagwe, fungu la miwa. Ni desturi njema, maana kwayo hata asiye na senti aweza kumtolea Bwana. Siku moja ya mavuno bibi mmoja mjane alileta yai moja. Lilinadiwa. Mtu mmoja mwenye uwezo akataja bei, mwingine akapandisha, watu wakacheka kwa furaha, na mwisho yai lile likanunuliwa kwa fedha ambazo zingaliweza kununua majogoo wawili. Mnunuzi akalirudisha linadiwe tena, na watu wakapiga makofi na vigelegele. Mtunza hazina aliandika jumla akitabasamu. Tukarudi nyumbani tukisema, Leo Bwana ametubariki.

Siku ya tatu yake tulipita karibu na nyumba ya bibi yule, tukiwa na shughuli nyingine, tukaingia kumwamkia. Ilikuwa saa saba ya mchana na jiko lilikuwa baridi. Wajukuu wake wawili walikuwa wamelala kivulini, si kwa usingizi. Tulipouliza, alitujibu kwa upole, "Baba mchungaji, leo ni siku ya kupika jioni. Jana tulipika mchana." Hakunung'unika. Hakuomba. Tulimsifu kwa yai lake, naye akashangaa kwamba tulilikumbuka. Akasema, "Kuku ni mmoja, na hutaga siku moja moja. Niliona si vizuri niende mbele ya Mungu mikono mitupu, hali yeye hajanijia mikono mitupu."

Basi tulirudi, tukalifungua daftari la usharika. Upande wa mapato tuliliona yai lile limeandikwa kwa wino mzuri pamoja na bei yake. Upande wa matumizi tulisoma: mabati, misumari, chokaa, nauli ya wazee, sukari na majani ya chai kwa ajili ya wageni. Tulipekua kurasa za mwaka mzima. Mstari mmoja wa wajane haukuwamo. Tulikuwa tumeketi viti vya mbele, tukalila yai la mjane, tena tukapiga makofi.

Tuliwaita wazee, tukawasomea daftari. Walinyamaza kitambo. Kisha mzee mmoja akasema neno ambalo kila usharika husema: "Tukianza na mmoja, watakuja wote, na paa la kanisa halitakwisha." Neno lake halikuwa baya, maana masika ilikuwa karibu na upande mmoja wa kanisa ulikuwa bado. Tulibishana hata jua likatua. Mwisho mzee mwingine, mtu asiyesema sana, akauliza, "Wakija wote, watakuja wangapi?" Hakuna aliyejua. Tulikuwa tukiwaogopa watu tusiowahesabu. Tulipowahesabu, nyumba kwa nyumba, tuliona ni nyumba kumi na moja tu, za wajane na za wazee wasio na watoto.

Tukakata shauri kwamba katika kila madebe kumi ya nafaka ya sadaka, mawili yasiuzwe, yakae ghalani kwa ajili ya nyumba hizo, na wazee wawili wayapeleke jioni pasipo kutangaza. Na kwa sababu hiyo paa halikwisha mwaka ule. Masika mbili kona moja ya kanisa letu ilivuja. Wanaoketi pale walisogea kidogo, na tone likaendelea kuanguka wakati wa mahubiri, tukilisikia sote. Twawaambia kweli, hatujapata kuhubiriwa vizuri kama tulivyohubiriwa na tone lile.

5. Sanduku lenye kufuli nne

Jambo tulilolifanya kwa kuchelewa si jambo geni katika Kanisa. Mitume wenyewe walipata manung'uniko ya namna hii. Katika Matendo, sura ya 6, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku; nao mitume hawakuwaambia wavumilie, bali wakataka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wajaao Roho na hekima, waisimamie kazi ile. Kugawa chakula kwa haki kulihitaji watu waliojaa Roho Mtakatifu, sawasawa na kuhubiri.

Tena baba zetu katika imani walilifanya jambo hilo mapema. Katika mji mdogo wa Leisnig, nchi ya Sachsen huko Ujerumani, usharika uliandika kanuni za sanduku la pamoja mwaka 1523, na Luther akazitolea kitabu pamoja na dibaji yake mwenyewe. Sanduku liliwekwa kanisani, nalo lilikuwa na kufuli nne zisizofanana. Ufunguo mmoja ulishikwa na wakuu wa nchi, wa pili na baraza la mji, wa tatu na watu wa mjini, na wa nne na wakulima wa vijijini. Hakuna aliyeweza kulifungua peke yake. Wasimamizi walikuwa kumi, na watatu kati yao walikuwa wakulima. Walipaswa kukutana kila Jumapili, saa tano mpaka saa nane, na mara tatu kwa mwaka usharika wote ukutanike kusikia hesabu. Fedha zile zilikuwa za kazi ya mchungaji na shule, za yatima, za wazee wasiojiweza, za kumkopesha fundi maskini aanze kazi yake, na za kununua nafaka ya kuweka kwa ajili ya wakati wa njaa. Angalieni: hilo ni ghala la Yusufu, limejengwa na Walutheri.

Wala tusidhani kwamba kazi ile ilikwenda kwa urahisi. Baraza la mji lilisita kuiachilia mali ya kanisa, hata Luther akalazimika kumwandikia Friedrich, mtawala wa Sachsen, juu ya jambo hilo. Choyo kilikuwako hata siku zile Injili ilipong'aa upya. Lakini mfano ule ulikaa, na miji mingine ikaweka masanduku ya namna hiyo.

6. Vitabu ishirini na saba

Yuko atakayesema, Maskini wengine hudanganya. Tukiwapa, huuza.

Na tumjibu kwa habari ya August Hermann Francke, mchungaji wa Glaucha, karibu na mji wa Halle. Aliweka kisanduku cha maskini nyumbani mwake, na karibu na Pasaka ya mwaka 1695 mtu mmoja akatia thaler 4 na groschen 16. Francke alipoziona alifurahi kwa imani, akasema kwamba kwa fedha hizo yafaa kuanzishwa jambo la haki, yaani shule ya maskini. Akanunua vitabu, akamweka mwanafunzi mmoja maskini wa chuo awafundishe watoto. Watoto walichukua vitabu 27 kwenda navyo nyumbani, na vilivyorudi ni vinne tu. Vingine viliuzwa, au waliovichukua hawakuonekana tena.

Mchoyo angaliona hapo sababu njema ya kukifunga kisanduku. Francke alinunua vitabu vingine, akaagiza viachwe shuleni baada ya masomo. Hakuacha kutoa, alijifunza kutoa kwa akili. Mwaka 1698 likawekwa jiwe la msingi la nyumba kubwa ya yatima, na alipofariki mwaka 1727 watoto zaidi ya 2,000 walikuwa wakifundishwa katika shule zile. Tena katika Halle walisoma Bartholomäus Ziegenbalg na Heinrich Plütschau, waliofika Tranquebar katika Bara Hindi mwaka 1706, wakawa wamisionari wa kwanza wa Kilutheri katika nchi ile. Haba na haba hujaza kibaba. Aliyetia sarafu zile katika kisanduku hakujua ametia nini.

Na sisi katika Tanganyika tulikula matunda ya mikono ya namna hiyo. Mwaka 1896 ilijengwa nyumba huko Lutindi, Usambara, kwa ajili ya watoto waliotolewa utumwani; na tangu mwaka 1904 wakapokelewa huko wagonjwa wa akili, ambao mara nyingi hufungwa kamba na kukimbiwa hata na ndugu zao. Kisha vita viwili vikubwa vikaja, vya 1914 na vya 1939, na mara zote mbili wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa katika kazi. Wengi walidhani sharika zitakufa. Walimu na wazee wenyeji ndio walioshika jembe na Biblia pamoja. Tena Walutheri wa Augustana, huko Marekani, wasiotujua kwa sura, walileta watu na fedha zao kusaidia. Mtume Paulo aliandika katika 2 Wakorintho, sura ya 8, juu ya makanisa ya Makedonia, jinsi umaskini wao mwingi ulivyofurika utajiri wa ukarimu, hata wakasihi wapewe nafasi ya kutoa. Basi neno hilo tumeliona kwa macho yetu katika historia yetu. Kutoa ni moyo, si utajiri.

7. Kwa nini twatoa

Lakini tuwe na hadhari, tusije tukatoka ghala moja la upumbavu tukaingia jingine. Maana yuko atoaye ili anunue mbingu, na yuko atoaye ili apigiwe makofi. Anania na Safira walitoa mali nyingi, wakafa nayo. Mtume naye asema katika 1 Wakorintho 13 kwamba mtu aweza kuwagawia maskini mali zake zote, naye asiwe na upendo, na asifaidiwe kitu. Sisi hatuokolewi kwa yai, wala kwa debe, wala kwa ng'ombe.

Twaokolewa kwa sababu yuko Mmoja aliyekuwa tajiri, akawa maskini kwa ajili yetu. Hakushauriana na nafsi yake tu, kama mwenye ghala yule. Alimsikiliza Baba, akatutazama sisi. Hakutoa katika yaliyomzidi. Alitoa riziki yake yote, kama mjane, hata mavazi yake yakagawanywa na askari. Mkristo aliyelishika neno hili hana haja ya kujenga ghala la hofu, maana ufunguo wa kesho yake umo mkononi mwa Baba. Mkono wake wafunguka wenyewe, kama mkono wa mtoto aliyeshiba.

Kwa hiyo, ninyi walimu na wainjilisti, twawasihi mambo matatu. La kwanza: mkihubiri habari za mjane, hubirini pia mistari iliyo mbele yake. Msimtake maskini kutoa pasipo kumwuliza kama amekula. La pili: daftari la usharika lisomwe mbele ya watu wote, mapato na matumizi, kama Paulo alivyojihadhari mtu asije akawalaumu kwa habari ya karama ile. Mali iliyofichwa huzaa manung'uniko, na manung'uniko huufunga mkono wa mtoaji. La tatu: wahesabuni. Tembeleeni nyumba kwa nyumba, mjue wajane ni wangapi, yatima ni wangapi, wasiojiweza ni wangapi. Hofu yetu ni kubwa kuliko hesabu yao.

Na wewe, ndugu msomaji, baba au mama wa nyumba, jioni hii utakapokuwa ukipanga mavuno yako, usishauriane na nafsi yako peke yako. Mwite mwenzako. Waite watoto wako, wasikie. Ombeni kwanza. Kisha, baada ya kuuliza, Tuweke wapi, na, Tuuze lini, ongezeni swali la nne ambalo tajiri yule hakuliuliza: Ni nani karibu yetu ambaye jiko lake lilikuwa baridi leo? Mkiisha kulijua jina lake, pimeni debe lake kabla ya kulifunga ghala, mkalipeleke usiku.

Bibi yule amekwisha kulala katika Bwana. Siku ya maziko yake tuliona wajukuu wake wamesimama karibu na kaburi, wakubwa sasa, wenye nguvu. Mmoja wao ndiye apelekaye madebe ya jioni siku hizi.

Na tuombe: Bwana Mungu, Baba yetu, mwenye shamba na mwenye mvua, utusamehe makofi tuliyopiga juu ya njaa ya wenzetu. Utuondolee hofu ifungayo milango yetu. Utupe macho ya kumwona mjane kabla ya kulipokea yai lake, na mioyo ya kukushukuru kwa Mwana wako, uliyemtoa kwetu pasipo kumzuia. Kwa jina lake twaomba. Amina.